Vipimo Nyuma ya Fomu

Dukani kwangu, Jumatatu, 3 Machi

Wifi,

Umenifungia simu tangu mwaka juzi, basi nakuandikia. Barua huwezi kuizima. Utaisoma tu, hata kama ni kwa kutafuta makosa yangu ya kuandika, maana hiyo ndiyo kazi unayoiweza.

Nimesikia. Watu wote wa mji huu wanavaa nguo, na nguo zao zinapita kwenye cherehani yangu, kwa hiyo hakuna neno linalonipita. Nimesikia chuo kinaandika mpango wa miaka mitano, na kwamba idara yako ya Biashara na ile ya Kompyuta zitaunganishwa chini ya mkuu mmoja. Nimesikia wewe umeshakikalia hicho kiti kabla fundi hajakichonga. Tena umesema kwenye chumba cha walimu, watu wana vikombe mkononi, kwamba Kompyuta itabakiwa na saa mbili kwa wiki na chumba kimoja, na mkuu wake wa sasa "bado mtoto, atatulia afundishe tu."

Huyo mtoto ni binti yangu. Ni binti wa marehemu kaka yako pia, ila naona hilo umelisahau. Alipokuwa na miaka sita aliifungua redio yangu yote, akairudisha, akabakiwa na skrubu moja mkononi, na redio ikasema kwa sauti kuliko mwanzo. Wewe kwa miaka ishirini na miwili umefungua nini? Cheti chake nimekitundika juu ya cherehani. Mteja akija kupimwa namsimamisha akielekea huko, asome wakati nazungusha tepu. Wengine wamekijua kwa moyo.

Sasa sikiliza. Baraza la chuo limetoa fomu hamsini kwa kila idara, watu waseme wanataka kufundishwa nini. Za Kompyuta binti yangu aliniletea mimi nizigawe hapa dukani. Ijumaa nimezirudisha kwa karani wa chuo. Zisome, wifi. Ila ukae kwanza, usije ukaanguka.

Mama Mwalimu

*

Idara ya Biashara, Alhamisi, 6 Machi

Wifi,

Nilikaa. Nikazisoma zote. Sikuanguka, nilicheka.

Fomu ulizorudisha ni thelathini na nane, na zote zimeandikwa na mkono mmoja. Mkono huo naujua. Hiyo g yenye mkia kama ndoano niliifundisha mimi, kwenye meza ya mama yangu, kaka alipokuleta nyumbani na darasa lako la nne. Watu thelathini na wanane, na wote kwa pamoja wanasema mwalimu wa kompyuta ni hodari, ni mpole, ni taa ya mji. Mmoja amesema "hata akinyamaza anafundisha." Wifi, hakuna mteja anayesema hivyo. Anayesema hivyo ni mama aliyemzaa.

Nilipogeuza karatasi nikakuta maajabu mengine. Kifua 40, kiuno 36, mgongo 16, urefu wa suruali 41. Nyuma ya kila fomu! Karatasi ya Baraza umeifanya daftari la mshonaji.

Fomu hazina majina, lakini zina namba, kuanzia moja mpaka hamsini. Nimehesabu. Kumi na mbili hazipo. Ziko wapi?

Usisumbuke kunijibu mimi. Nimemwandikia mwenyekiti wa Baraza kwamba maoni ya Idara ya Kompyuta yametungwa na mama wa mkuu wa idara. Wakiyatupa, mpango utaandikwa kwa maoni ya idara yangu peke yake, na huyo taa ya mji ataitwa aeleze kama alikutuma kughushi. Hilo umemfanyia wewe, si mimi.

Mkuu wa Idara ya Biashara

*

Dukani, Jumamosi, 8 Machi

Wifi,

Kughushi! Neno kubwa hilo, umelitoa kabatini kwa ajili yangu.

Ngoja nikueleze jinsi watu wanavyofanya kazi, maana wewe unawajua watu waliokaa kwenye madawati tu. Mtu anakuja dukani, ana haraka, ana mtoto mgongoni au mfuko kila mkono. Ukimpa fomu na kalamu ataiweka juu ya mashine na kuondoka. Kwa hiyo mimi nampima, na nikimpima namuuliza. "Ungetaka chuo kikufundishe nini? Inua mkono. Na mwalimu wa kompyuta unamwonaje? Usivute pumzi." Anasema, naandika, nageuza karatasi, naandika kiuno chake, nairudisha, namuuliza tena. Kama fomu ni za uongo, viuno ni vya nani? Watu thelathini na wanane wenye viuno thelathini na vinane, nimevitoa kichwani? Mwambie mwenyekiti awaite, awapime.

Kweli, maneno mengine nimeyapiga pasi kidogo. Mtu akisema "mzuri mzuri tu," naandika "hodari." Ni ufundi. Hakuna anayetoka kwangu na nguo ina makunyanzi.

Hizo kumi na mbili ziliungua na pasi. Niliziweka karibu na meza ya kunyooshea, pasi ikalala juu yake. Basi.

Na fomu zako hamsini? Mteja wangu mmoja ni mwanafunzi wako, kaja kupunguza sketi. Anasema ziligawiwa darasani siku ya mtihani, wewe umesimama mbele na rula yako, na swali la kwanza lilikuwa "Je, mwalimu wako anafaa?" Ningekuwa mimi ningejibu anafaa hata kuwa rais.

Mama Mwalimu

*

Idara ya Biashara, Jumanne, 11 Machi

Wifi,

Mimi umeniambia pasi. Karani wa chuo ulimwambia mvua. Mwezi mzima haijanyesha.

Basi nimemuuliza tarishi, huyu mzee anayebeba barua zetu hizi kwa baiskeli. Nilimwona ana suruali mpya. Nikamwambia, "Mzee, ulipopimwa uliulizwa maswali?" Akasema, "Niliulizwa, Bi Mkuu, na nilijibu kwa kirefu." Fomu yake aliiona, namba 23. Namba 23 ni mojawapo ya zilizokosekana. Nikamuuliza alisema nini. Akatazama kengele ya baiskeli yake, akasema, "Mambo ya dukani kwa mama wa watu siyasemi ofisini." Lakini alikuwa anaona haya, na mtu aliyesifu haoni haya.

Kwa hiyo pasi yako inajua kusoma. Imeunguza waliolalamika, ikawaacha waliosifu.

Nimemwambia mwenyekiti na hili. Baraza linakaa Alhamisi, tarehe 20. Binti yako ameandikiwa barua ya kujieleza. Kabla hujanilaani, kumbuka: mimi niliuliza ziko wapi. Wewe ndiye uliyezificha.

Mkuu wa Idara ya Biashara

*

Nyumba za walimu, Alhamisi, 13 Machi

Mama,

Sitakuja Jumapili. Usitume mtu na chakula.

Nimepewa barua yenye muhuri inayoniuliza kama nilimwagiza mama yangu aghushi maoni ya wananchi. Nimeisoma nimesimama kwenye korido, wanafunzi wanapita. Shangazi alikuwa mlangoni kwake anafunga kitasa. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Mama, nilikuomba ugawe. Sikukuomba uandike, wala uchague. Nilikuwa nimepanga vizuri: vyumba viwili vya kompyuta, kozi ya mwaka mzima, vijana kumi na wanane wamekwisha kujiandikisha. Nilitaka watu wa kweli waseme. Sasa hata nikiwa na hoja nzuri namna gani, wataona cherehani tu.

Na hili lazima uniambie ukweli. Hizo kumi na mbili zilisema nini juu yangu hata ukaona heri nionekane mwizi kuliko zisomwe?

Usinijibu kwa kunisifu. Nimechoka kusifiwa na wewe. Tangu shule ya msingi sijui lini nimekosea, maana nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia.

Mwanao

*

Dukani, Jumatatu, 17 Machi

Wifi,

Leo hakuna matusi mengi, mkono wangu umechoka.

Ndani ya bahasha hii utakuta fomu kumi na mbili. Hazikuungua. Zilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vishikizo. Kila mteja aliyesema vibaya juu ya mwanangu, niliandika alivyosema, neno kwa neno. Hapo sikupiga pasi. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nataka niwe nayo mimi, ili niwe nawachukia vizuri. Halafu nikaifungia droo.

Ya tarishi hiyo hapo: "Binti anajua, ila nikiuliza mara ya pili ananiambia 'nimeshasema.' Sasa kama ningeelewa mara ya kwanza ningeuliza?" Ya muuza mitumba: "Nilitaka kujua nguo zipi zinatoka upesi na zipi zinaniozea. Akatufundisha wiki tatu kuchora maua kwenye skrini." Ya mwenye ghala la mbao, huyu usimruke kwa sababu na wewe umo: "Biashara wananifundisha kuorodhesha mbao kwa kalamu na rula. Kompyuta wananifundisha kompyuta isiyo na mbao. Wale walimu wawili ni ndugu lakini hawasalimiani, na sisi tunapita katikati yao kama mbwa." Nilikasirika nikamkaza tepu kiunoni.

Utaniuliza kwa nini nakuletea wewe, wewe unayemtaka mwanangu chini. Ndiyo maana. Nikizipeleka mimi watasema nimezitunga jana. Akizipeleka yeye watasema tumezitunga wote. Wewe ukisimama nazo, na jinsi unavyojulikana kwamba hutupendi, nani atasema ni za uongo? Kwa mara ya kwanza chuki yako itafanya kazi yenye faida. Geuza nyuma, uone vipimo. Tarishi ni kiuno 38.

Ombi langu ni moja, na silisemi kwa magoti. Namba 50 usiisome kwa sauti. Iweke tu pamoja na nyingine ihesabiwe.

Najua utafurahi. Furahi haraka, kisha uzipeleke.

Mama Mwalimu
(kama bado anafundisha)

*

Idara ya Biashara, Ijumaa, 21 Machi

Wifi,

Sikufurahi. Nilijaribu.

Nakueleza jinsi kilivyokwenda kikao, kwa sababu utakisikia kwa wateja wako kimeongezewa chumvi. Mwenyekiti alisema fomu za mkono mmoja hazikubaliki. Nikasimama nikazitoa zile kumi na mbili. Binti yako alikuwa upande wa pili wa meza. Hakujua kama ninazo. Nilisoma kumi na moja, kwa sauti yangu ya darasani, na kila niliposoma alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Hakuinua uso wala hakujitetea. Nilipofika kwenye ile ya mwenye mbao, yenye mimi ndani, nikakomea kwenye neno rula. Mjumbe mmoja akaniambia, "Endelea, Bi Mkuu." Nikaisoma hadi mwisho, pamoja na hilo neno "mbwa."

Mjumbe yuleyule akasema maneno yamezidi kupendeza, hata ya kulalamika yanaweza kutungwa. Nikamwambia ageuze nyuma. Basi wakamwita tarishi. Wifi, katika miaka ishirini na miwili sijawahi kuona Baraza linampima mtu kiuno. Mwenyekiti mwenyewe alishika tepu, ya somo la ushonaji, akaishika kwa upande wa sentimita, ikabidi nimgeuzie. Ikasoma inchi 39. Tarishi akasema, "Mheshimiwa, nimetoka kula." Wakacheka mpaka karani akaacha kuandika. Fomu zote hamsini zimekubaliwa. Binti yako amefutiwa barua.

Fomu zangu zimetupwa, zote hamsini. Mtu aliwaambia habari ya rula. Sikuulizi ni nani.

Uamuzi ni huu. Hakuna mkuu mmoja. Kutakuwa na kozi moja mpya, mtu na biashara yake kwenye kompyuta, mbao na mitumba na suruali, kila siku alasiri, kwa mwendo wa taratibu. Tutaifundisha wawili, mimi na yeye, chumba kimoja, tukisimama mbele pamoja. Wanafunzi wa kwanza wataitwa wale waliolalamika. Ndiyo mpango wa miaka mitano. Nimebakiza mitano kustaafu, na yote nimepewa nikae bega kwa bega na mtoto wa kaka yangu ambaye hatusalimiani hata kwenye korido.

Kuhusu namba 50. Sikuisoma kwa sauti. Niliisoma nyumbani, mara mbili. Nilikumbuka siku ya kwanza ile mezani kwa mama, uliposhika kalamu kama sindano, mimi nikacheka mpaka nikawaita wadogo zangu waje waone. Hukurudi mezani siku mbili. Mama alidhani unaumwa. Mimi nilijua huumwi.

Siombi radhi, usidhani. Nimekuambia tu kwamba nakumbuka.

Karatasi zote kumi na mbili nimempa binti yako, ndizo za kuandalia masomo. Hukuniambia nisimpe, uliniambia nisisome kwa sauti.

Wifi yako

*

Nyumba za walimu, Jumapili, 23 Machi

Mama,

Bado nimekukasirikia. Nataka hilo lijulikane kwanza.

Tangu juzi nimekaa na zile karatasi sakafuni. Nimezipanga, nimezisoma mpaka nimezikariri. Nimekubali ya tarishi. Nimekubali ya maua kwenye skrini, ingawa yale maua yalikuwa mazoezi ya kushika kipanya, na kama ningewaambia hivyo wangeelewa. Sikuwaambia.

Ya hamsini bado sijaiweka chini. Naiandika hapa kama ilivyo, ili ujue nimeisoma:

"Nilikaa kiti cha nyuma kabisa siku mbili. Pazia zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya picha ya ukutani. Mwalimu anajua sana, anajua mpaka anasahau kwamba kuna kutojua. Mkono wangu umezoea kazi ya nguvu, nikibonyeza nabonyeza kwa nguvu. Siku ya pili akasema mbele ya darasa, nani huyo anapiga kama anatwanga? Watu wakacheka na yeye akacheka. Hakugeuka kuona ni nani. Sikusema ni mimi. Siku ya tatu sikwenda. Ningetaka chuo kinifundishe kuandika vipimo vya wateja visipotee, lakini polepole."

Namkumbuka yule mtu, Mama. Yaani sauti ya vidole vyake naikumbuka. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimechelewa na somo na nilitaka darasa lichangamke. Nikawa najiuliza ni nani kati ya wateja wako. Nikageuza nyuma. Kifua 42, kiuno 38, mkono 23. Kisha "mgongo," na mbele yake hakuna kitu.

Nikazirudia nyingine zote. Nilikwenda kwa karani nikaomba na zile thelathini na nane. Watu arobaini na tisa, kila mmoja ana mgongo wake. Hujawahi kumwacha mteja bila mgongo, hata watoto wachanga wa ubatizo unawapima. Mmoja tu.

Nikakumbuka nikiwa mdogo nasimama juu ya kigoda nyuma yako, nimeshika tepu bega mpaka bega, na wewe unasema, "Soma, mwanangu, mimi sijioni." Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya namba. Hukumwambia mtu yeyote akupime baada ya mimi kuondoka. Uliacha wazi.

Kozi inaanza Jumatatu ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Shangazi ametaka pazia zisifungwe. Tumegombana saa nzima juu ya hilo na ameshinda. Kiti cha mbele, upande wa dirisha, nimekiwekea karatasi imeandikwa 50. Ukija ukabonyeza kwa nguvu, bonyeza. Vipande vya kibodi vinabadilishwa.

Ukinisifu mbele ya darasa nitakutoa nje.

Jumamosi nitapita dukani, nina siku nyingi sijashika tepu. Usinipe cheti changu nikitazame, nitakuwa nimesimama nyuma yako.

Mwanao